ABDELHAMID KERMALI: MSHAMBULIZI ALIYEUITIKIA MWITO MARA MBILI

Waswahili husema kuwa akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Msemo huu aghalabu hutumiwa kueleza uhusiano wa mtu na mtu, lakini wapo wachache ambao maisha yao huonyesha kwamba hata taifa huweza kuwa na rafiki wa dhiki. Miongoni mwa hao ni Abdelhamid Kermali, mwanasoka wa Aljeria aliyeanza kama mshambulizi, akaishia kuwa mkufunzi, na ambaye nchi yake ilimwita mara mbili wakati haikuwa na chochote cha kumwahidi. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1958, wakati Aljeria yenyewe haikuwa dola. Mara ya pili ilikuwa mwishoni mwa mwaka 1989, wakati timu ya taifa ilikuwa imevunjika moyo na muda wa kuitengeneza ulikuwa mfupi mno. Mara zote mbili aliitika.

Utoto katika mji wa Sétif

Kermali alizaliwa mwezi wa Aprili mwaka 1931 katika mji wa Sétif, mashariki mwa Aljeria, kwenye nyanda za juu zenye baridi kali na mashamba ya ngano. Wakati huo Aljeria ilikuwa chini ya Ufaransa, nayo Ufaransa haikuihesabu kuwa koloni kama makoloni mengine bali sehemu ya ardhi yake. Hata hivyo, wenyeji Waislamu walio wengi hawakuwa na haki sawa na za walowezi.

Tarehe 8 Mei 1945, siku ambayo Ulaya ilisherehekea kushindwa kwa Ujerumani ya Hitler, wakazi wa Sétif waliandamana na kuinua bendera ya Aljeria wakidai uhuru wao pia. Askari walifyatua risasi. Ghasia zikazuka, walowezi wapatao mia moja wakauawa, na kisasi cha dola kilichofuata katika Sétif, Guelma na Kherrata kiliangamiza maelfu ya Waaljeria. Kermali alikuwa na umri wa miaka kumi na minne. Katika mji huohuo alikuwako mtoto mwingine, Rachid Mekhloufi, mwenye miaka minane, na kijana wa miaka ishirini na mmoja aliyeitwa Mokhtar Arribi. Watatu hao, walioutoka mji mmoja, walikuja kukutana tena katika safari moja iliyobadilisha historia ya kandanda ya Afrika.

Kandanda ilikuwa mojawapo ya nyanja chache ambamo kijana Mwaljeria aliweza kupimana nguvu na mlowezi kwa kanuni zilezile. Vilabu vya Waislamu vilikuwa mahali pa mchezo na pia mahali pa kujitambua. Kermali alilelewa kimchezo katika mazingira hayo. Kipaji chake katika safu ya mbele kilipoonekana, alivuka bahari kama walivyofanya vijana wengi wa kizazi chake ili kutafuta riziki katika soka ya kulipwa nchini Ufaransa. Aliichezea Mulhouse, kisha Cannes, na mwaka 1955 akajiunga na Olympique Lyonnais, klabu ya daraja la kwanza katika mojawapo ya miji mikubwa ya Ufaransa.

Siku za Aprili 1958

Vita vya ukombozi vya Aljeria vilikuwa vimeanza tarehe 1 Novemba 1954 chini ya chama cha FLN. Kufikia mwaka 1958 vita hivyo vilikuwa vimegharimu roho nyingi, na Waaljeria waliokuwa wakifanya kazi Ufaransa, wakiwemo wanasoka, walikuwa wakitoa sehemu ya mapato yao kusaidia mapambano. Mohamed Boumezrag, aliyewahi kuwa mchezaji mwenyewe, alikuja na wazo la kuwaondoa wachezaji bora wa Kialjeria kutoka vilabu vya Ufaransa kwa siri na kuwafanya timu ya taifa lisilokuwa bado na serikali.

Wakati uliochaguliwa haukuwa wa kubahatisha. Fainali za Kombe la Dunia zilikuwa zifanyike nchini Uswidi mwezi wa Juni, na wawili kati ya waliofuatwa, Mustapha Zitouni wa Monaco na Rachid Mekhloufi wa Saint-Étienne, walitarajiwa kuwemo katika kikosi cha Ufaransa. Iwapo wangetoweka ghafla, gazeti lolote la michezo Ulaya lingelazimika kueleza kwa nini, na kwa njia hiyo kadhia ya Aljeria ingeingia katika nyumba ambazo hazikuwa zikisoma habari za siasa.

Kermali alikuwa mmoja wa waliopewa jukumu la kuwaleta wenzao. Yeye pamoja na Arribi walimwendea Mekhloufi, mtoto wa mji wao, na kumweleza azma hiyo. Mekhloufi alikuwa akitumikia jeshi la Ufaransa, hivyo kuondoka kwake kungehesabika kuwa utoro wa kijeshi, kosa zito wakati wa vita. Alikubali. Ila katika mechi yake ya mwisho aliumia, akalazwa hospitalini, na wenzake wakalazimika kumtoa huko. Wakiwa garini pamoja na Abdelhamid Bouchouk wa Toulouse, walielekea mpaka wa Uswisi. Hofu yao ilikuwa moja: kwamba habari za kutoweka kwao zingetangazwa redioni kabla hawajavuka. Maafisa wa mpakani walimtambua Mekhloufi kwa umaarufu wake lakini hawakuwa na habari yoyote, wakawaruhusu kupita. Kutoka Uswisi walikwenda Roma, na kutoka Roma wakafika Tunis.

Si wote waliobahatika. Hassan Chabri alitiwa mbaroni karibu na mpaka wa Italia, na Mohamed Maouche naye akazuiliwa. Walijiunga na wenzao baadaye. Waliofika Tunis mwezi huo walikuwa takriban kumi. Idadi hiyo haikutosha hata kuunda kikosi kamili cha uwanjani, lakini ilitosha kuitikisa Ufaransa.

Ikumbukwe kwamba Kermali alikuwa anakaribia kutimiza miaka ishirini na saba. Kwa mshambulizi, huo ndio umri ambao mwili na akili hukutana: kasi bado ipo na tajriba imekwisha kupatikana. Mkataba wa Lyon, mshahara, makazi na jina vyote viliachwa nyuma, na hakukuwa na aliyejua vita vingekwisha lini. Mekhloufi, aliyekuwa na miaka ishirini na mmoja, aliweza baada ya uhuru kurudi Saint-Étienne na kutwaa mataji mengine. Kermali hakuwa na akiba hiyo ya miaka. Alichokitoa hakingeweza kurudishwa.

Timu isiyotambuliwa

Shirikisho la Soka la Ufaransa lilifutilia mbali mikataba ya wachezaji hao, na Shirikisho la Soka Duniani, FIFA, likaipiga marufuku timu yao na kutishia kuyaadhibu mataifa ambayo yangecheza nayo. Hata hivyo, zilipatikana nchi zilizothubutu. Kwa miaka minne timu ya FLN ilizunguka Afrika ya Kaskazini, nchi za Kiarabu, Ulaya ya Mashariki, China na Vietnam ya Kaskazini, ambako Ho Chi Minh aliwapokea. Inakadiriwa kwamba ilicheza mechi zaidi ya themanini, na nyingi ilishinda. Mwaka 1961 mjini Belgrade iliichabanga Yugoslavia mabao 6-1, wakati Yugoslavia ilikuwa miongoni mwa vigogo wa kandanda ya Ulaya.

Kabla ya mechi wachezaji walisisitiza jambo ambalo kwa timu nyingine ni la kawaida: bendera ya Aljeria ipandishwe na wimbo wake wa taifa upigwe. Katika viwanja hivyo Aljeria ilionekana kama nchi miaka kadhaa kabla ya kuwa nchi. Kermali alikuwa katika safu ya mbele ya timu hiyo. Mechi alizocheza hazimo katika rekodi rasmi za FIFA, na mabao yaliyofungwa hayakumpandishia mtu bei katika soko la wachezaji.

Jingine la kutajwa ni kwamba timu hiyo ilikuwa chuo. Wachezaji waliotoka vilabu mbalimbali, kila mmoja na mafunzo yake, waliishi pamoja kwa muda mrefu, wakakutana na soka ya Wahungari, Waromania, Wayugoslavia na Warusi, na kujifunza kutoka kwayo. Si ajabu basi kwamba kizazi hicho ndicho kilichozalisha wakufunzi wa Aljeria huru: Arribi, Mekhloufi, Hamid Zouba, na Kermali mwenyewe.

Kutoka uwanjani hadi kando ya uwanja

Aljeria ilipata uhuru tarehe 5 Julai 1962. Kermali alirejea nyumbani akiwa na umri wa miaka thelathini na mmoja. Aliendelea kusakata kabumbu katika vilabu vya nyumbani, ikiwemo USM Alger ya jiji la Algiers, na hatua kwa hatua akahamia kazi ya ukufunzi. Kazi iliyomkabili yeye na wenzake ilikuwa kubwa. Walowezi walikuwa wameondoka kwa wingi, ligi ilibidi ianzishwe upya, na vijana waliokua wakati wa vita hawakuwa wamepata malezi ya mchezo kwa utaratibu.

Kwa miaka mingi Kermali alifanya kazi hiyo bila makuu. Waaljeria walimpa jina la Cheikh, neno la Kiarabu ambalo Kiswahili nacho kimelipokea katika umbo la shehe au sheikh. Katika Kiswahili neno hilo limeegemea zaidi upande wa dini. Katika viwanja vya Aljeria lilihifadhi pia maana yake pana ya mzee anayefundisha na kuheshimiwa kwa maarifa yake. Kwamba mkufunzi wa kandanda aliitwa hivyo kunaonyesha jinsi watu walivyomwona. Machoni mwao alikuwa mlezi, si mwajiriwa wa kupanga kikosi tu.

Wakati huo kandanda ya Aljeria ilipanda ngazi. Mwaka 1980 timu ya taifa ilifika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika jijini Lagos, ikalazwa na Nijeria 3-0. Mwaka 1982 nchini Uhispania iliishinda Ujerumani Magharibi 2-1 katika Kombe la Dunia, Mekhloufi akiwa miongoni mwa wakufunzi. Mwaka 1988 Arribi aliiongoza klabu ya mji wao, ES Sétif, kutwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika. Lakini kombe la mataifa lenyewe halikuwahi kufika Algiers.

Mwito wa pili

Tarehe 17 Novemba 1989 Aljeria ilicheza na Misri jijini Kairo. Mshindi angekwenda Italia katika Kombe la Dunia la 1990. Mechi ya kwanza mjini Constantine ilikuwa imeishia sare tasa. Hossam Hassan aliifungia Misri bao la pekee, na baada ya kipenga cha mwisho ukazuka mtafaruku uliozua uhasama wa miaka mingi baina ya timu hizo mbili. Mkufunzi Kamel Lemoui aliondoka. Kombe la Mataifa ya Afrika, ambalo Aljeria ilikuwa mwenyeji wake, lilikuwa lianze tarehe 2 Machi 1990, yaani miezi mitatu na nusu baadaye. Kermali ndiye aliyeitwa.

Hali ya nchi nayo haikuwa shwari. Mwezi wa Oktoba mwaka 1988 vijana walikuwa wameingia barabarani kulalamikia ugumu wa maisha, na mamia ya watu wakauawa. Katiba mpya ya Februari 1989 ilikuwa imefungua milango ya vyama vingi, na kila upande ulikuwa ukivutia kwake. Timu ya taifa iliyolemewa na kushindwa kule Kairo ilitakiwa kucheza mbele ya umma uliokuwa umegawanyika na kukata tamaa. Iwapo ingeshindwa nyumbani, lawama zote zingemwangukia mzee wa miaka hamsini na minane aliyekubali kazi ambayo haikuwa na muda.

Kermali alijenga kikosi chake kwa kuwachanganya wachezaji wa ligi ya nyumbani, kama vile Abdelhakim Serrar wa ES Sétif na Tahar Chérif El-Ouazzani wa MC Oran, na wale waliokuwa Ulaya, wakiongozwa na Rabah Madjer, bingwa wa Ulaya wa mwaka 1987 akiwa na Porto. Mkufunzi aliyewahi kuwa mshambulizi hakuchagua kujihami. Mechi ya ufunguzi ilikuwa dhidi ya Nijeria, walewale waliowaliza mwaka 1980. Aljeria ilishinda 5-1. Siku tatu baadaye ikailaza Kodivaa 3-0, kisha ikaishinda Misri, iliyokuwa imeleta kikosi cha akiba, kwa mabao 2-0. Mabao kumi yalifungwa katika mechi tatu, na moja tu likaingia katika lango lao.

Wasomaji wa Afrika Mashariki watakumbuka kwamba Harambee Stars ya Kenya ilikuwamo katika mashindano hayo. Ilipangwa katika kundi la pili mjini Annaba, pamoja na Zambia, Kameruni na Senegali. Ilitoka sare tasa na Senegali, ikashindwa na Zambia na Kameruni kwa bao 1-0 na 2-0 mtawalia, na kurejea nyumbani bila kufunga. Senegali hiyo ndiyo iliyokutana na Aljeria katika nusu fainali tarehe 12 Machi, na wenyeji wakapenya kwa taabu, 2-1.

Fainali ilichezwa tarehe 16 Machi katika uwanja unaoitwa kwa tarehe ya uhuru, Uwanja wa 5 Julai, uliofurika watazamaji. Nijeria ilikuwa imerudi ikiwa timu nyingine kabisa, ngumu na yenye nidhamu. Katika dakika ya 38 Chérif Oudjani alipiga mkwaju uliojaa kimiani, na bao hilo likawa la pekee. Kijana huyo alizaliwa Lens, Ufaransa, mwaka 1964. Babake, Ahmed Oudjani, alikuwa mshambulizi katika timu ileile ya FLN aliyoichezea Kermali. Hivyo basi kombe ambalo kizazi cha mwaka 1958 hakikuruhusiwa hata kuliwania lilipatikana kwa mguu wa mwana na kwa akili ya mwenzake baba. Djamel Menad aliibuka mfungaji bora kwa mabao manne, naye Madjer akatajwa kuwa mchezaji bora.

Baada ya kilele

Mwaka 1991 Aljeria chini ya Kermali ilitwaa pia Kombe la Mataifa ya Afrika na Asia, ilipoitoa Iran kwa kanuni ya bao la ugenini baada ya kushindwa 2-1 jijini Tehran na kushinda 1-0 jijini Algiers. Lakini Januari 1992, mabingwa hao wa Afrika walipokwenda Senegali kutetea taji lao, walilazwa na Kodivaa 3-0 na kutoka sare 1-1 na Kongo, wakaaga mashindano katika hatua ya makundi. Kermali aliondoka. Mwezi huohuo uchaguzi wa Aljeria ulisitishwa, na nchi ikaingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyodumu kwa takriban mwongo mzima.

Ingekuwa rahisi kwa mzee huyo kubaki nyumbani na kuishi kwa sifa za mwaka 1990. Badala yake alirejea kwenye vilabu, na mwaka 1999, akiwa na umri wa miaka sitini na minane, aliiongoza MC Alger kutwaa ubingwa wa Aljeria. Kwa klabu iliyokuwa imekaa muda mrefu bila taji hilo, na kwa jiji lililokuwa likijitoa katika giza la vita, ushindi huo ulikuwa na uzito wake.

Kermali alifariki mwezi wa Aprili mwaka 2013, siku chache kabla ya kutimiza miaka themanini na miwili, na miaka hamsini na mitano baada ya ile safari ya garini kuelekea mpaka wa Uswisi. Kufikia siku hiyo hakuna mkufunzi mwingine aliyekuwa ameiwezesha Aljeria kulitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 2019, jijini Kairo, ambapo Djamel Belmadi alileta kombe la pili.

Kumbukumbu za soka aghalabu huandikwa kwa mizani ya mabao na vikombe. Kwa mizani hiyo Kermali ana kombe moja kubwa, na miaka minne ya ubora wake katika safu ya mbele haimo vitabuni, kwa kuwa FIFA haikuitambua timu aliyoichezea. Lakini mizani hiyo haipimi yote. Mwaka 1958 alikuwa na kazi nzuri na mustakabali. Mwaka 1989 alikuwa na heshima iliyokwisha kujengeka. Kila mara alitakiwa kukihatarisha alichokuwa nacho kwa ajili ya timu ambayo watu wenye busara ya kawaida wangeikwepa. La kwanza lilimgharimu miaka ambayo haikurudi. La pili lingeweza kumgharimu jina. Waaljeria walipomwita Cheikh walikuwa wakilijua hilo, na ndiyo maana jina hilo lilimganda hata baada ya kushindwa kule Senegali, akazikwa nalo.